Hakuna Mtu wa Jina Hili

Nong Pet, 20 Februari

Baba yangu,

Shikamoo. Nimekutanisha viganja kifuani kwanza ndipo nikashika kalamu, kwa hiyo ujue nimekusalimu kweli. Kifua kinaendeleaje huko kusini? Kile kikohozi cha alfajiri kimepungua, au hewa ya bahari imekizidisha? Sisi hatujambo. Makham ana miezi saba na meno mawili. Jana alimng'ata baba yake sikio mpaka mwanaume mzima akatoa machozi.

Nimeandika kwa sababu simu yako haipatikani. Kipa Wirot kamwambia mkewe kwamba uliitumbukiza kwenye beseni pamoja na soksi za timu, ikafuliwa vizuri kabisa. Nilicheka, halafu nikajiuliza sasa nitaongea na wewe vipi. Basi ni kwa barua. Shule niliishia darasa la tisa, mwandiko wangu unaujua, uvumilie.

Mji umenyamaza baba. Siku ile basi lenu lilipoondoka hakuna aliyepiga kelele. Watu walisimama tu kando ya barabara kama wanangoja lirudi kuchukua kitu lilichosahau. Bibi Chaluay wa tambi ndiye peke yake aliyefungua mdomo: "Klabu inauzwaje kama ndama? Kamba wameifunga shingo ipi?" Mwenyekiti kauza leseni, yule tajiri wa chakula cha kamba wa baharini kanunua, na nafasi yetu ya daraja la pili imehamia mkoa ambao hata njia yake siijui. Wachezaji wana mikataba, walilazimika kwenda. Wewe huna mkataba wowote, ukapanda na masanduku yako manne ya jezi.

Silaumu. Miaka ishirini na tisa umefua jezi za Bata, klabu yetu, tangu ilipokuwa timu ya wafanyakazi wa vibanda vya kukaushia tumbaku. Na tangu mama afariki miaka mitatu iliyopita najua nyumba hii inakubana. Ila ulisema msimu mmoja tu, mpaka wapate mtu mwingine. Mimi nimeshika hilo. Oktoba nimeizungushia duara kwenye kalenda.

Uwanjani kumefungwa ng'ombe kwenye goli la upande wa hekalu. Nyasi anazimaliza vizuri.

Binti yako,
Ueang, mama Makham


Kusini, 11 Machi

Binti yangu Ueang,

Barua imefika. Sijambo. Kikohozi kipo. Chakula kipo, ila wali wao haunati, unamwagika vidoleni. Samaki ni wengi.

Tumecheza mechi nne. Sare moja, tumefungwa tatu. Uwanja ni mpya, una viti elfu sita. Wanakuja watu kama mia mbili. Jezi bado ni zile za buluu. Maji ya huku yana chumvi, sabuni haitoi povu. Nafua mara mbili.

Nalala chumba cha vifaa. Kina feni.

Usininunulie simu. Mashine zinavuma, sisikii.

Mbusu mtoto.

Baba yako


Nong Pet, 16 Aprili

Baba yangu,

Heri ya mwaka mpya wetu wa Aprili, na afya, na usingizi mzuri. Natumaini hata huko kuna mtu alikumwagia maji mikononi akakuomba baraka. Makham alimwagiwa ndoo nzima na watoto wa jirani. Badala ya kulia akafungua mdomo anywe.

Nilijua hutakuja, mechi ilikuwa tarehe kumi na nne. Nilingoja hivyo hivyo mpaka basi la jioni. Halafu nikachukua bakuli la maji ya jasmini, nikaenda kwenye ile picha ya timu ukutani kwetu, ya mwaka mliowafunga wale wa benki kutoka Bangkok bao moja bila, wewe umesimama pembeni na ndoo yako. Nikakumwagia kidogo miguuni. Bibi Chaluay alikuwa mlangoni, akaruka: "Wewe! Picha ya mtu mzima na uhai wake unaimwagia maji, unataka afe?"

"Mikono yake iko kusini bibi, nifanyeje?"

"Mngoje! Baba anangojewa. Lete hapa hayo maji yasipotee bure." Akakinga mikono yake, akanibariki: "Upate hela, upate mtoto wa kiume, na huyo baba yako apate akili."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Baadaye nilipanguza ile picha. Maji yalikuwa yamepita chini ya kioo, miguu yako imefifia kidogo, hasa wa kushoto. Nisamehe.

Watu wanakuuliza. Siku zile mashabiki wa wageni walikuwa wanakuja wanatulilia kwaa-kwaa kama bata, na Bibi Chaluay anawauzia tambi za bata kwa bei mara mbili, na wanakula. Sasa Jumamosi hana wa kumtukana. Anasema mkono unamwasha.

Niandikie hata mistari miwili. Uniambie unakula nini asubuhi.

Binti yako,
Ueang


Kusini, 2 Mei

Ueang,

Nimepokea. Asubuhi nakunywa uji.

Bosi ameleta mnajimu. Mnajimu amesema bata ni ndege wa kuelea, haendi popote. Klabu sasa inaitwa Chui wa Kusini. Jezi ni za rangi ya chungwa. Saa ya kuanza mazoezi imesogezwa dakika tisa.

Niliambiwa nitoe nembo ya bata kwenye jezi za mazoezi. Zilikuwa sitini na nane. Nilitumia wembe. Ilichukua siku tatu. Mahali palipokuwa na bata pamebaki buluu kuliko kwingine.

Na watu wamepewa majina mapya na huyo mnajimu. Tulipelekwa ofisi ya wilaya kwa basi, wote kwa pamoja, tukapiga picha za vitambulisho. Wirot sasa ni Phakin. Tangu hapo ameanza kudaka mipira ya juu.

Tumeshinda mbili.

Baba


Nong Pet, 25 Mei

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo na tena shikamoo. Leo sitauliza kikohozi, leo nina habari, nikianza na kikohozi nitachelewa.

Tunaanzisha timu! Mwalimu Prayong aliita mkutano shuleni, wakaja watu arobaini na watatu, Bibi Chaluay akakaa mbele akijipepea na daftari la mahudhurio. Tutaanzia chini kabisa, ligi ya mkoa, na vijana wa hapa hapa. Mechi ya kwanza ni Septemba. Baba Makham kajiandikisha beki wa kulia, na tumbo lile. Nimemwambia asithubutu kuvaa jezi ya kubana.

Sasa sikiliza. Chama cha mpira cha mkoa kimesema hivi: kwa kuwa wale wa kusini wameliacha jina na wamemwacha bata, sisi tunaweza kuvichukua vyote viwili, jina letu lile lile na bata wetu yule yule. Ila lazima mtu aliyeitumikia klabu ile zaidi ya miaka kumi atie saini kwamba yeye ndiye mlezi wa jina. Mwisho ni tarehe thelathini Juni. Mwenyekiti wa zamani hawezi kuonyesha uso hapa. Kocha wa zamani amekufa. Mwalimu Prayong alipouliza nani amebaki, watu wote wakageuka wakaniangalia mimi.

Ni wewe tu baba.

Karatasi iko ndani ya bahasha hii. Tia saini uirudishe. Au uje nayo mwenyewe. Mshahara hakuna, Mwalimu kasema wazi, lakini Bibi Chaluay ameapa mbele ya watu: bakuli la tambi kila siku ya mechi, na nyama juu. Mimi nimeshawaambia utakubali. Sikuweza kujizuia.

Binti yako,
Ueang


Nong Pet, 8 Julai

Baba,

Barua yangu ya Mei imerudi. Imerudi Jumanne, imekunjika pembe, imegongwa muhuri: hakuna mtu wa jina hili.

Nilikuwa na mtoto mgongoni. Nilisoma ule muhuri nikakaa palepale kwenye ngazi. Nilidhani umekufa. Nilidhani umekufa huko na hakuna aliyetuambia. Makham ananivuta nywele nami nasikia kama anavuta za mtu mwingine. Baadaye miguu ikanipeleka kwa mke wa Wirot.

Akanishangaa. "Mzee? Mbona yupo! Juzi tu kamfokea Wirot kwa kuvua soksi zimegeuka ndani nje. Siku hizi anaitwa Thanaphat. Hukuambiwa?"

Sikuambiwa. Nilisema ah, ndiyo, nilisahau.

Tarehe thelathini imepita. Mwalimu Prayong alikwenda chama cha mpira kuomba wiki moja, wakamwambia kanuni ni kanuni. Jina limekwenda. Bata naye. Tumeandikishwa kwa jina la wilaya na namba, na jezi zetu hazitakuwa na nembo. Mwalimu hakusema kitu kibaya juu yako. Alisema posta ni posta.

Hii naituma ndani ya bahasha ya mke wa Wirot ili ikufikie mkononi. Ile ya zamani nimeitia pia, sijaifungua. Usome tu ujue nilikuandikia mapema.

Nataka kuuliza jambo moja. Hapo klabuni watu wote wanakujua. Nani alimwambia mtu wa posta kwamba hupo?

Binti yako,
Ueang


Kusini, 27 Julai

Ueang,

Ni mimi.

Alikuja mlangoni asubuhi, nilikuwa naanika. Akasoma jina, Bunloet wa jezi, yupo? Nikamwambia hakuna mtu huyo hapa. Sikuwa natania. Ilitoka tu, kama nyuzi za nembo zinavyotoka kwa wembe. Mwandiko wako niliuona. Nikamwona anaondoka na pikipiki yake, nikaendelea kuanika.

Nimefikiri namna ya kukueleza. Sina namna nzuri.

Waliponipa hilo jina sikulitaka. Halafu nikaona lina nafuu. Huyu Thanaphat ana umri wa miezi mitatu. Hajawahi kuzika mtu. Hakukaa hospitali usiku kumi na nane akimshika mtu mkono. Akiamka haendi kugusa upande wa pili wa mkeka. Anaamka, anafua, anakula, analala. Hasikii uchungu wowote. Wala hafurahi, lakini hilo silo nililokuwa natafuta.

Barua zako zinakuja kwa yule mwingine. Nikizisoma inabidi nirudi kuwa yeye.

Karatasi ya jina nimeiona leo. Nimetia saini, najua haina kazi tena. Nairudisha.

Waombe radhi wote. Bibi Chaluay pia.

Msimu ukiisha bosi anataka nibaki. Nimesema ndiyo.

Baba


Nong Pet, 14 Agosti

Baba,

Natumaini hii inakukuta mzima. Sisi wazima.

Barua yako nimeisoma mara nne. Mara ya kwanza nilikuwa nimesimama jikoni na wali ukaungua. Ndiyo maana nimechelewa kukujibu. Mimi si mtu wa maneno.

Huyo Thanaphat mwambie namsalimu. Lakini mtu ambaye hakuwahi kuwa na mke wa kuzika, hana binti pia. Wala mjukuu. Mimi nami nilikuwa hospitali ile baba, usiku wote kumi na nane, upande wa miguuni. Nilimshika mguu kwa sababu mkono uliushika wewe. Sikuwa na mtu wa kunipa jina jingine. Nikamzaa Makham, nikapata kazi ya kufanya, ndiyo dawa niliyopata mimi.

Nimelisema, limeisha. Duara la Oktoba nimelifuta, sitakuomba tena urudi. Ukitaka kukaa huko kaa. Nitaandika hivi hivi, na juu ya bahasha nitaweka jina unalotaka.

Sasa nina shida ya kazi, na hili naomba unijibu.

Jezi za dukani tumeshindwa. Ndipo Mwalimu Prayong akasimama akatukumbusha timu ya kwanza kabisa ya vibanda vya tumbaku ilivaa nini: mashati ya kazi yaliyotiwa rangi ya nili na wanawake wa hapa, na mama yangu akiwa mmoja wao, msichana wa miaka kumi na tisa. Sikuijua hadithi hiyo! Kumbe buluu ya Bata ilianzia mikononi mwa mama. Kwa hiyo wakasema, Ueang, ni binti yake, atajua.

Sijui chochote. Nilikubali.

Mtungi wa mama wa kutilia rangi nimeutoa chini ya ghala. Nili ya kusaga nimepewa na mama mmoja wa bondeni. Nikaweka maji ya majivu, chokaa, maji ya ukwaju. Mara ya kwanza mashati yalitoka buluu safi, nikajisifu. Vijana wakavaa mazoezini, wakatoka jasho, na shingo zote zikawa buluu, na makwapa, na baba Makham tumbo zima. Watoto wanamwita Baba Wino. Nikarudia. Mara ya pili mtungi ukakataa kabisa. Hauna povu, maji yamekuwa ya kijivu, unanuka kama panya aliyekufia darini. Wanawake wanagombana juu ya kichwa changu. Huyu anasema chokaa zaidi, huyu pombe ya mchele, Bibi Chaluay anasema niutukane kidogo, utaamka.

Mechi ni tarehe tisa Septemba. Mashati kumi na nane yamekaa meupe kwenye kapu.

Mama alikuwa anaweka maji ya majivu kiasi gani? Wewe ndiye uliyekuwa unamkorogea. Niandikie kwa vikombe, nitafuata kama ulivyoandika.

Binti yako,
Ueang


Kusini, 22 Agosti

Binti yangu Ueang,

Salamu kwako, kwa mumeo na kwa Makham. Kikohozi kipo. Nakujibu kuhusu mtungi.

Majivu yawe ya shina la mgomba na maganda ya ukwaju, nusu kwa nusu. Usitumie ya mkaa. Uyachuje mara mbili kwa kitambaa. Kiasi si cha vikombe. Maji yawe yanateleza kati ya vidole, lakini si kama sabuni. Chini ya sabuni kidogo. Sentensi hii nimeiandika mara tano.

Povu liwe buluu na ukilipuliza lirudi. Chini yake maji yawe ya njano ya kijani. Yakiwa kijivu, mtungi umepoa au umelishwa chokaa nyingi. Wako naona umelishwa chokaa nyingi. Shati lizame, litoke kijani, lipigwe na hewa mpaka ligeuke, lizame tena. Mara nane, si mara mbili. Shingo kuwa buluu ni kwa sababu mliharakisha na hamkusuuza. Linasuuzwa mpaka maji yatoke kama yalivyoingia.

Harufu ndiyo kila kitu na harufu siwezi kuiandika. Nimejaribu kwa wino na kwa penseli.

Mama yako alikuwa anachovya kidole, anaonja, halafu ananiangalia. Kama hakukunja uso, tunaanza. Nilikuwa sionji mimi. Nilikuwa naangalia uso wake. Ndivyo nilivyojua, miaka yote ile. Sasa wewe umeniuliza vikombe, nikakaa hapa kwenye chumba cha vifaa nikitafuta vikombe vingapi, na nikauona uso ule. Sikuwa nimeuona tangu siku ile. Nilikuwa nimejipanga nisiuone.

Mashine ilimaliza kuzunguka, nguo sikuzitoa.

Hili jambo haliandikiki. Nimemwambia bosi nina kazi nyumbani. Amenipa Alhamisi mpaka Jumapili, Jumatano tuna mechi na hakuna mwingine anayejua kufua kwa maji ya chumvi. Naondoka Alhamisi ya tarehe thelathini asubuhi, nabadilisha basi Bangkok, nafika Ijumaa mchana. Tikiti imekatwa kwa lile jina la kwenye kitambulisho. Nikichelewa usimuulize karani wa kituo, atakuchanganya. Nitafute kwa macho.

Baada ya Jumapili sijui. Sikuahidi kitu, nawe usizungushe duara.

Yale mashati yaloweke maji ya kawaida usiku wa Alhamisi, yatoke gundi ya dukani. Wanawake waache kugombana. Na huo mtungi usiumwage, wala asiutie mtu kitu chochote, mpaka nije niunuse mwenyewe.

Baba yako